Sanduku la Moshi la Inosenti

Kijiji cha Tloma,
Karatu.
Jumamosi, 19 Novemba 1983

Mpendwa wifi yangu Lusia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na watoto? Ule mguu uliokuwa unakusumbua umepona, au bado unavimba ukisimama sana? Huko Tabora joto likizidi ukae kivulini na uuweke juu ya kigoda, usione haya kwa wageni. Sisi ni wazima. Antonia amekuwa mrefu kunipita, na mdogo wake ameng'oa meno ya mbele, anacheka akiwa ameziba mdomo.

Mvua za vuli zimeanza vizuri. Maharage yameota, na ukungu unashuka kutoka msituni kila asubuhi mpaka hatuoni zizi. Sukari hatujaiona madukani muda mrefu, na sabuni tunakata vipande vidogo vidogo kama dawa. Lakini chakula cha shamba kipo, tunamshukuru Mungu.

Wifi, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kibanda cha nyuma ya nyumba, mbele ya sanduku la moshi la kaka yako. Daftari nimeliweka magotini. Siwezi kuondoka hapa kwa sababu mbavu ziko ndani. Kesho ukoo unakuja kumaliza msiba wa Inosenti, na roho yangu haijatulia. Nimeona nikikuandikia, mkono utakuwa na kazi na moyo utapumzika kidogo.

Sanduku lenyewe hukuwahi kuliona, maana uliolewa kabla hajalileta. Lilikuwa friji bovu la hoteli kule ukingoni mwa kreta, alikokuwa mpishi. Walipolitupa, aliliomba, akalileta juu ya lori la viazi. Mimi nilimwuliza, friji bila umeme la nini? Akacheka tu. Akang'oa mashine yote ya nyuma, akaweka chini koili ya jiko la umeme, juu ya koili karai la maranda ya mti, na juu kabisa waya za kuwekea nyama. Bruda Martini wa misheni akamruhusu kuvuta waya kutoka karakana yao, kwa kuwa jenereta huwaka mchana kwa ajili ya kusaga mahindi. Jenereta likilia kule bondeni, koili inapata moto, maranda yanafuka polepole bila kuwaka, na mbavu za nguruwe zinageuka rangi kama ngozi ya kiatu kilichopakwa rangi.

Alinifundisha kila kitu. Mbavu zinakaa na chumvi na vitunguu saumu usiku kucha. Asubuhi unaziosha, unaziangika upepo uzipige mpaka zinate ukizigusa. Ule utando wa ndani unauvuta kwa kitambaa, maana kwa vidole unateleza. Moshi uwe mwembamba. Nilipokuwa nikizidisha maranda alikuwa akiniambia, "Mama Antonia, huo moshi mweupe ni wa kufukuza mbu. Nyama inataka ule usioonekana vizuri." Na kila alipomaliza alikuwa akitenga ule ubavu mfupi wa mwisho. Alisema, "Huu ni wa Lusia." Wewe uko Tabora, lakini aliutenga. Jioni watoto waliuomba, ndipo akawagawia kwa niaba yako.

Maranda ni ya ule mti ambao Wamasai wanasafishia vibuyu vya maziwa kwa makaa yake. Alikuwa akiletewa na rafiki yake Moloimet wa kule juu. Moloimet nyama ya nguruwe haigusi, hata harufu yake anaikwepa, anakaa upande unakotoka upepo. Alikuwa akimwambia Inosenti, "Mti wetu wa maziwa unaufukizia yule mnyama! Baba yangu akifufuka atanipiga fimbo." Lakini aliendelea kuleta.

Sasa nikueleze kinachonitesa. Simu ya kifo ilikufikia sisi tumeshazika, na barua niliyokuandikia mwanzoni ilikuwa fupi, mkono ulikuwa hauna nguvu. Inosenti alifia hapa hapa nilipokaa. Ilikuwa mchana. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipanga waya za nyama, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya sanduku, akisubiri jenereta. Mimi nilikuwa napepeta ulezi. Jenereta likaanza kulia kule misheni. Nikangoja aniite, kwa kuwa kazi ya kuchomeka plagi ilikuwa yangu. Hakuniita. Nilipokuja nilimkuta ameegemea sanduku kama mtu aliyesinzia. Waya wa umeme ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake ukutani, hapo anapoutundika siku zote. Sikuugusa, wifi. Hakuna aliyeugusa. Daktari alisema ni moyo.

Lakini majirani walisikia jenereta, kisha wakasikia nikipiga yowe. Basi wakaunganisha. Shemeji Tluway alisema mbele ya watu, kaburi likiwa bado bichi, kwamba umeme ndio uliomwua mdogo wake, na kwamba aliyechomeka ni mimi, Inosenti akiwa na mkono ndani. Hakusema nilikusudia. Alisema nilichomeka. Nikamwambia waya ulikuwa msumarini. Akaniuliza, "Nani mwingine aliona?" Nikasema, mimi. Akasema, "Wewe tu." Tangu siku hiyo hajaingia humu.

Na wewe unajua metimani ya kwetu, huko kutengwa kwa waliofiwa. Padri anasema ni mambo ya zamani, lakini ukoo unashika. Mwaka mzima nimekaa kando na wanangu: hatuingii nyumba ya mtu, hakuna anayekula kwetu, hata mbuzi wetu wanachungwa peke yao. Katarina, jirani yetu, tunaongea yeye akiwa ng'ambo ya mfereji. Ni Bruda Martini na Moloimet tu waliokuwa wakikaa uani mwangu, kwa kuwa wao si wa kwetu.

Kesho ndiyo mwisho. Shemeji Tluway, akiwa mkubwa wa ukoo, anatakiwa kula wa kwanza chakula cha mkono wangu. Akila, wote watakula, na mimi ni mtu tena. Ametuma neno kwamba nyama ya sanduku lile haili, na kwamba nisipolivunja kabla hajafika, watoto atawachukua awalee kwake Endabash, mimi nirudi kwa baba yangu Dongobesh. Wifi, ana haki hiyo kwa desturi, na anayo mashamba. Simwiti mtu mbaya. Alimbeba Inosenti mgongoni walipokuwa wadogo.

Katarina amenipigia kelele asubuhi kutoka ng'ambo.

"We mama Antonia! Huo ni moshi wa nini?"

"Mbavu."

"Mbavu! Una wazimu? Chinja mbuzi, dada. Mbuzi hana maneno."

"Nikichinja mbuzi watakula, lakini lile neno litabaki."

"Libaki! Neno halili mahindi yako."

"Litakula wanangu, Katarina."

 Kisha akasema, "Basi usizidishe chumvi, yule mzee anapenda kidogo," akaenda zake akijifanya anafukuza kuku.

Ndiyo hivyo. Nikilivunja sanduku, nimekubali kwamba liliua, na kwamba mkono wangu ndio uliochomeka. Antonia ataolewa akiwa binti wa mwanamke huyo. Ndiyo maana nguruwe yule ambaye Inosenti mwenyewe alimfuga amechinjwa jana kule misheni. Bruda ameniletea mbavu kwa Landrova, nyama nyingine nimewaachia wagonjwa wa zahanati.

Subiri, wifi, jenereta limebadilisha sauti.

Limezima. Nimengoja nikidhani litawaka tena, lakini hapana. Koili inapoa, nimeweka kiganja juu ya mlango nikasikia joto linaondoka. Antonia amekimbia mpaka kwenye uzio wa misheni akauliza kwa mbali. Bruda amesema dizeli ya kusagia imekwisha na lori la mafuta halijafika. Iliyobaki ni ya kupampu maji ya zahanati kesho alasiri, hiyo haiguswi. Mbavu zimefika katikati. Zikikaa hivi mpaka kesho zitaharibika.

Moloimet amefika akiwa na mzigo wa kuni begani. Amechungulia sanduku akiwa ameziba pua kwa shuka.

"Shemeji, mbona unalia juu ya mnyama huyu?"

"Moto umekufa."

"Huo moto wa kamba mimi sikuuamini tangu mwanzo. Leta makaa."

Amewasha mti wake kule jikoni, amechagua makaa yasiyotoa moshi mwingi kama wanavyofanya kwa vibuyu, akanipa kwenye bati. Kuyaingiza ndani amekataa, amesema mkono wake usifike huko. Nimeyaweka mimi chini ya karai. Harufu imerudi. Naiacha barua hapa, makaa hayataki mtu anayeandika.

Jumapili jioni

Wifi, narudi. 

Walikuja baada ya misa ya pili. Wazee wachache wa ukoo, na shemeji Tluway mbele yao na lile koti la kijeshi alilorithi kwa baba yenu. Walikaa uani kwenye magogo. Pombe ya ulezi ilikuwepo, hakuna aliyeigusa. Mbavu nilizileta kwenye ungo uliofunikwa kwa jani la mgomba. Zilikuwa zimetoka vizuri, nyama inaachia mfupa bila kuvutwa. 

Shemeji Tluway akaniuliza, "Sanduku umelivunja?"

"Hapana, shemeji."

"Nilituma neno."

"Lilifika."

Akaangalia ungo, akaanza kuinuka. Ndipo Katarina, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya mfereji na mumewe wakingoja kuruhusiwa kuvuka, akapaza sauti.

"Jamani wazee! Umeme jana ulikufa! Hizo nyama zimeiva kwa makaa ya Mmasai, mwulizeni mwenyewe!"

Moloimet, aliyekaa kule upande wa upepo, akasema ni kweli, makaa ni yake, ingawa anaomba jambo hilo lisifike kwao. Wazee wakacheka. Uso wa shemeji Tluway ukalegea. Nilimwona, wifi. Alikuwa na njaa ya kukubali kama mimi. Akasema, "Basi kama ni makaa, ni nyama ya jikoni tu. Lete."

Ningenyamaza, yangekwisha. Ungo ulikuwa mikononi mwangu, na watoto wangu walikuwa mlangoni wakiniangalia. Lakini nikaona angekula leo kwa sababu ya makaa, na lile neno langu la msumarini lingebaki limelala pale pale. Nikasema, "Shemeji, nusu ya kwanza ni ya umeme. Uliwaka asubuhi yote. Mimi ndiye niliyechomeka. Nisikulishe kwa kukuficha."

Katarina akajishika kichwa. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Shemeji Tluway akasimama hivyo hivyo, kofia mkononi, na mimi nikajua nimejipotezea wanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hapo jenereta likaanza kulia kule bondeni. Ilikuwa saa ya maji ya zahanati. Wote waligeuza vichwa. Ilikuwa sauti ile ile waliyoisikia siku ile.

Shemeji Tluway akasema, "Nionyeshe alipokaa."

Nikampeleka kibandani. Wazee wakasimama mlangoni, hakuna aliyeingia. Nikamwonyesha kigoda, nikamwonyesha alivyoegemea, nikamwonyesha waya kwenye msumari. Akavua koti, akakunja mkono wa shati. Akaniambia, "Mimi nitaweka mkono humo kama yeye. Wewe chomeka. Tuone."

 Mimi umeme siujui, wifi. Ninajua tu alichonionyesha Inosenti. Nikawaza, je, kama kweli lina ubaya nisioujua? Nitawezaje kuua wawili? Nikamwambia, "Hapana, shemeji. Mkono utakuwa wangu. Wewe ndiye utachomeka."

"Mimi sijawahi kushika kitu hicho."

"Mimi nitakuelekeza."

Antonia akaanza kulia kule nje. Nikakaa kwenye kigoda cha baba yake, nikaingiza mkono wa kulia nikashika ile waya ya juu ya kuwekea nyama, kama nilivyomkuta ameshika. Ilikuwa bado na mafuta ya jana. Nikamwangalia shemeji Tluway. Alikuwa ameshika plagi kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika nyoka kwa mkia, jasho limemtoka.

"Haya meno yanaingia wapi?"

"Hapo kwenye matundu. Sukuma mpaka mwisho."

Alisukuma akiwa amefumba macho. Nilisema Salamu Maria, sikufika nusu. Chini ya mkono wangu koili ikalia kidogo kama inavyolia siku zote, kisha nikaona imeanza kuwa nyekundu. Joto likapanda taratibu, likafika kwenye vidole. Basi. Joto tu, wifi, kama la mtu anayekupulizia mkono asubuhi ya baridi. Nikaendelea kushika. Sikuwa najionyesha. Nilikuwa nawaza kwamba hiyo ndiyo waya ya mwisho aliyoishika yeye, na siku ile haikuwa hata na joto.

"Toa mkono," akasema shemeji Tluway. Macho alikuwa ameshafumbua. "Toa, mama Antonia. Toa, nimeona."

Nikautoa. Aliuchukua akaugeuza huku na huku, akiutazama kiganja na mgongo wake, kama anavyotazama kwato za ng'ombe. Kisha akaangalia plagi ukutani.

"Nani atachomoa hiki kitu? Mimi siwezi tena."

Wazee mlangoni wakacheka, cheko la watu waliokuwa wamebana pumzi. Nikachomoa, nikautundika waya kwenye msumari. Shemeji Tluway akausogelea. Akaugusa kwa kidole mpaka ukayumba.

"Ndipo ulipokuwa?"

"Ndipo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye ulezi, nikingoja aniite."

Akasimama akiutazama mpaka ukaacha kuyumba. Kisha akasema, polepole, "Alikuwa akikutegemea uchomeke. Jenereta lilipolia alikuwa ameshakwenda, asingeweza kukuita." Akainama akapita mlangoni, akaenda kukaa kwenye gogo lake. Akaita, kwa sauti ya kuamrisha kabisa, "Leteni nyama, inapoa!"

Alikula, wifi. Alikula wa kwanza, mbele ya wote, na mafuta yakamchuruzika kwenye kidevu. Akasema chumvi imezidi. Katarina akapiga kelele kutoka ng'ambo, "Nilimwambia!" na kabla wazee hawajamwambia chochote akakunja khanga akaruka mfereji, akatua uani mwangu kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Tulishikana pale. Wengine wakafuata. Hata pombe iliisha. Moloimet alipewa maziwa, akasema ndicho chakula pekee cha watu kilichokuwepo.

Habari ya watoto kwenda Endabash haikutajwa tena. Alipokuwa anaondoka alimshika Antonia kichwani akamwambia aje likizo asalimie, kisha arudi kwa mama yake. Arudi kwa mama yake: hayo maneno nimeyasikia kwa masikio yangu, nami nimekuandikia kama yalivyo.

Jambo moja la mwisho. Ungo ulipokuwa unakwisha, mzee mmoja alinyoosha mkono kuchukua kile kipande kidogo kilichobaki. Shemeji Tluway akamzuia mkono. Akasema, "Huo acha. Huo ni wa Lusia." Sikujua kama naye alikuwa anakumbuka. Nilimgeukia nikamwona anatazama pembeni, anajifanya anatafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Nimeurudisha ndani ya sanduku, umening'inia peke yake. Kesho nikisikia jenereta nitachomeka, ukauke vizuri ukusubiri. Ukipata nafasi ya treni, hata mwakani, njoo uuchukue mwenyewe, nami nikuonyeshe na kaburi. Nimepanda maua ya njano pembeni, yameshika.

Nisalimie sana shemeji na watoto wote mmoja mmoja. Shemeji Tluway anakusalimu, amesema uandike. Katarina anakusalimu, na Antonia, na mdogo wake asiye na meno. Mungu akulinde njiani na nyumbani, na mguu wako aupe nguvu ya kukufikisha huku.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye daima,

Hyasinta

Ukisikia mahali jenereta linaanza kulia, wifi, unikumbuke.